Fangasi wa Ukeni Wanaporudi, Sukari Imepimwa?

Mwanamke anayewashwa ukeni huenda duka la dawa kwanza, kwa kuwa huko haulizwi mengi. Hununua vidonge vya kuingiza, hupata nafuu, na baada ya wiki chache muwasho hurudi. Akifika zahanati, pengine hupewa dawa za magonjwa ya zinaa na kuambiwa amlete mumewe. Nyumbani huzuka tuhuma. Kumbe kwa baadhi ya wanawake hawa chanzo ni kisukari ambacho hakijawahi kupimwa.

Figo huirudisha sukari kwenye damu hadi kiwango cha takribani milimoli 10 kwa lita. Ikipita hapo, ziada hutoka na mkojo na kulowesha ngozi ya sehemu za siri. Fangasi wa jamii ya kandida, ambao huishi ukeni mwa wanawake wengi bila madhara, hupata lishe na kustawi, hali chembe nyeupe za damu zikiwa zimedhoofishwa na sukari hiyohiyo. Ngozi huwa nyekundu, huvimba, wakati mwingine huchanika, na mkojo ukiigusa huchoma. Mchomo huo hudhaniwa kuwa maambukizi ya njia ya mkojo. Mgonjwa hupewa antibiotiki, ambazo huua bakteria walinzi wa uke na kuwaachia fangasi uwanja.

Fangasi hawa hawahesabiwi kuwa ugonjwa wa zinaa, na mhudumu aliseme hilo waziwazi, hata mbele ya mume, mgonjwa akiridhia. Uchafu wenye harufu mbaya au maumivu ya chini ya tumbo ni jambo jingine, nayo yachunguzwe.

Kwa maoni yetu, mwanamke yeyote ambaye fangasi wamemrudia asiondoke kituoni bila kupimwa sukari. Tone la damu la kidoleni hutosha kuanzia. Milimoli 7.0 au zaidi kabla ya kula, au 11.1 na zaidi wakati wowote, huelekeza kwenye kisukari na hudai uchunguzi kamili.

Mwenye sukari isiyodhibitiwa hapaswi kutegemea dozi ya siku moja. Klotrimazo ya ukeni kwa siku 7 hadi 14 hufaa zaidi, na sukari ishushwe sambamba, la sivyo dawa hupunguza moto huku kuni zikiongezwa. Ikishindikana, sampuli ipelekwe maabara: kwa wenye kisukari hupatikana mara nyingi zaidi kandida glabrata, asiyesikia vizuri flukonazo. Flukonazo yenyewe, ikichanganywa na glibenklamaidi, yaweza kushusha sukari kupita kiasi. Mjamzito apewe dawa ya ukeni, si ya kumeza.

Wapo pia wagonjwa wanaotumia dapagliflozini au empagliflozini. Dawa hizi hutibu kwa kuitoa sukari kupitia mkojo, kwa hiyo fangasi ni athari inayojulikana, nayo yafaa kutajwa siku dawa inapoandikwa. Mgonjwa asiiache mwenyewe. Azungumze na daktari wake. Ajisafishe kwa maji nje tu, bila kuosha ndani ya uke. Lakini akipata homa, maumivu makali na uvimbe unaoenea kati ya uke na njia ya haja kubwa, au ngozi ikibadilika kuwa nyeusi, afike hospitali siku hiyohiyo.