Mti Ulioanguka, Moyo Ulioanguka

Wafaransa wana kitenzi abattre, yaani kuangusha. Mkata miti huangusha mti kwa shoka, mchinjaji huangusha ng'ombe, na taarifa ya msiba humwangusha mtu moyo. Kitenzi ni hicho kimoja, lakini ukitaka jina la tendo lazima uchague. Kukata miti au kuchinja mifugo ni abattage. Unyonge wa aliyefiwa ni abattement. Mahali pa kuchinjia ni abattoir. Anayechanganya viambishi hivi ataeleza majonzi ya mfiwa kwa neno la wauza nyama.

Hapo kwenye abattoir Mswahili yuko nyumbani. Sisi tuna chinja na machinjio, kimbilia na kimbilio. Wafaransa wana dormir, kulala, na dortoir, bweni. Kiambishi -oir, kilichotokana na -torium ya Kilatini, hutaja pia chombo: raser ni kunyoa, rasoir ni wembe.

Ugumu uko kwa -age na -ment. Vitabu vya shule huviweka bega kwa bega kana kwamba ni mamoja. Si mamoja hata kidogo. Kitenzi raffiner, kusafisha, kina raffinage ya sukari na mafuta, halafu kina raffinement ya tabia na mavazi. Panser kina pansage, kumsugua farasi na kumpiga brashi, na pansement, bendeji ya jeraha. Ukivitazama kwa makini utaona kuwa -age hupenda kazi ya mikono, ile inayofanywa hatua kwa hatua, ilhali -ment huelekea hali au kile kinachobaki kazi ikiisha. Kanuni hii ina mianya: mariage, ndoa, inatokana na marier, na ndoa si kazi ya karakana. Hata hivyo itakusaidia mara nyingi kuliko kukariri orodha.

Kuna nomino ambazo hazifanani vizuri na vitenzi vyake. Recevoir, kupokea, kina réception. Détruire, kuharibu, kina destruction. Usishangae. Sisi wenyewe tunasema safiri na safari, fikiri na fikra, samehe na msamaha, kwa sababu nomino hizo zimebaki na sura ya Kiarabu. Wasomi wa Ufaransa nao walizichota nomino za -tion moja kwa moja kutoka Kilatini, wakati kitenzi kilikuwa kimeshabadilika vinywani mwa watu kwa karne nyingi.

Wakati mwingine hakiongezwi kitu. Crier, kupiga kelele, hukatwa mkia kikawa cri. Voler ni kuruka na pia ni kuiba, kwa hiyo vol ni safari ya ndege na pia ni wizi. Wakati mwingine kitenzi chenyewe husimama kama nomino: le pouvoir, mamlaka, le devoir, wajibu. Hii ni ku- yetu, kama katika "kusoma kunachosha", ila sisi tunaruhusu kila kitenzi. Kifaransa cha zamani kiliruhusu pia kwa upana. Cha leo kimebakiza vichache, na mwanafunzi asijitungie vyake.

Faida kubwa ya kuvijua viambishi ni jinsia, jambo linalomsumbua kila anayejifunza lugha hii, awe Lubumbashi au Dar es Salaam. Nomino za vitenzi zenye -age, -ment na -oir ni za kiume. Zenye -tion ni za kike. La nage, kuogelea, ni ya kike kwa sababu -ag- yake ni sehemu ya mzizi wa nager, si kiambishi. Lakini garage, kutoka garer, kuegesha, ni ya kiume kama inavyotakiwa. Neno hilo lilipita kwa Waingereza likatufikia sisi kama gereji, na mkia wake wa Kifaransa bado umo.