Mtoa Amri na Aijue Hali Yake

Askari aliyefunzwa vyema hainui bunduki kabla ya kujua kama imefungwa au i tayari kufyatuka. Somo hilohilo tulilipata mjini Mbarara, mbele ya kompyuta kuukuu, tulipokuwa tukijifunza Vim, programu ya kuhariri maandishi kwa kibodi pasipo kuhitaji kipanya.

Kazi tuliyokuwa nayo ilikuwa orodha ya wanafunzi wakimbizi wa makazi ya Nakivale, wilayani Isingiro. Kwa mkimbizi jina si jambo dogo. Herufi moja ikikosewa, karatasi zake hazipatani, naye hubaki mlangoni akijieleza.

Vim ina hali mbili kubwa. Katika hali ya kuandika, herufi ni herufi tu. Katika hali ya amri, herufi huwa amri: d ikibonyezwa mara mbili hufuta mstari mzima, na u huurudisha. Kitufe cha i humwingiza mtu katika kuandika, Esc humtoa. Asiyejua yu katika hali ipi huharibu asilokusudia.

Hata aijuaye hali yake aweza kuamuru vibaya. Tulitaka kila Ali aandikwe Ally, tukaamuru :%s/Ali/Ally/g. Kufumba na kufumbua, kila Alimasi naye akawa Allymasi! Tukabonyeza u, majina yakarejea. Mara ya pili tuliongeza c mwishoni mwa amri, ndipo programu ikatuomba idhini kwa kila jina.

Aliyekwisha kuzoea aweza pia kutunga amri zake mwenyewe, akazihifadhi katika faili iitwayo vimrc.

Programu hii si mgeni kwetu Uganda. Bram Moolenaar, Mholanzi aliyeitoa mwaka 1991, alikuja mwaka 1994 kujitolea katika kituo cha watoto cha Kibaale, kusini mwa nchi, upande wa Rakai. Hakuiuza, aliwaomba walioridhika nayo wawasaidie watoto wa huko. Alifariki mwaka 2023. Mwito wa kuwasaidia watoto maskini wa Uganda aliuweka katika ukurasa wa kwanza wa programu, ukasomwa duniani kote.

Ndugu askari, nanyi mwandikao maelezo ya raia vituoni, jifunzeni chombo hiki bila haraka. Kabla ya kubonyeza, ulizeni: amri hii itamgusa nani mwingine?