Triathloni Ndefu kwa Mara ya Pili: Shahidi Gani Asikilizwe?

Wahenga walisema aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Wanamichezo wa triathloni ndefu wanaonekana kuikaidi methali hii. Mtu ameogelea kilomita 3.8, ametoka majini akapanda baiskeli kwa kilomita 180, kisha ameshuka na kukimbia marathoni nzima ya kilomita 42.195, yote hayo katika siku moja na kabla saa 17 hazijaisha. Kilomita za mwisho amezitembea amejishika kiuno, tumbo limegoma kupokea hata maji, na ameapa mbele ya waliokuja kumshangilia kwamba harudi tena. Wiki chache baadaye yuko kwenye kompyuta anatafuta tarehe za mwaka ujao. Wengi hulichukulia swali la kurudi au kutorudi kama jambo la moyo: ukiwa nao unarudi, ukiupoteza unaacha. Mimi naliona ni jambo la ushahidi. Tunamwuliza nani, na huyo tunayemwuliza anakumbuka nini? Shahidi anayesikilizwa zaidi ni kumbukumbu ya siku ya mashindano, na huyo ndiye asiyefaa kusikilizwa peke yake.

Mchezo wenyewe ulizaliwa katika ubishi. Katika kisiwa cha Oahu, Hawaii, ofisa wa jeshi la majini la Marekani, John Collins, na mkewe Judy walipendekeza kuunganisha mashindano matatu yaliyokuwapo tayari, ya kuogelea, ya baiskeli na ya marathoni, ili ijulikane nani ana stamina kuliko wenzake. Tarehe 18 Februari 1978 walianza watu 15 na wakamaliza 12. Mshindi, Gordon Haller, alitumia saa 11, dakika 46 na sekunde 58. Miaka minne baadaye, Februari 1982, mwanafunzi Julie Moss aliongoza mbio za wanawake hadi karibu kabisa na mwisho, miguu ikamlegea, akaanguka, akainuka, akaanguka tena, na mwenzake Kathleen McCartney akampita. Moss alimaliza kwa kutambaa, sekunde 29 nyuma ya mshindi. Televisheni ya ABC ilionyesha picha hizo. Mtu angetarajia watazamaji wauogope mchezo wa aina hiyo, lakini ilikuwa kinyume: umaarufu wake ulipaa, na wengi waliomwona binti yule akitambaa walitamani wakajaribu wenyewe. Walichokiona ni mita za mwisho tu. Miezi iliyomfikisha pale haikuwa na kamera.

Saikolojia ina maelezo ya jambo hili. Mwaka 1993 Daniel Kahneman, ambaye baadaye alipata Tuzo ya Nobel ya uchumi, pamoja na wenzake watatu, walichapisha jaribio rahisi. Watu 32 waliombwa kutumbukiza mkono katika maji baridi ya nyuzijoto 14 kwa sekunde 60. Katika zamu nyingine walikaa sekunde 60 zilezile, kisha wakaongezewa sekunde 30 ambamo maji yalipashwa kidogo kidogo hadi nyuzi 15, ambayo bado ni baridi ya kuuma. Walipoulizwa ni zamu ipi wangependa kurudia, 22 walichagua ile ndefu. Walichagua maumivu mengi zaidi kwa sababu yaliisha kwa unafuu. Kumbukumbu haijumlishi dakika za mateso kama muuza duka anavyojumlisha mauzo. Hushika kilele cha maumivu na namna yalivyoisha, na urefu wa muda huupuuza. Sasa hebu tazama triathloni ndefu inavyoisha: taa, muziki, jina lako likitajwa kwenye kipaza sauti, medali shingoni, mtu wa nyumbani akilia kwa furaha. Ni vigumu kulipangia jaribio la Kahneman mwisho mtamu kuliko huo.

Muda nao hufanya kazi yake. Mtafiti Przemysław Bąbel aliwauliza wakimbiaji 62 wa marathoni ya Kraków, Poland, kuhusu maumivu yao mara tu walipomaliza. Baadaye akawauliza tena, wengine baada ya miezi mitatu na wengine baada ya miezi sita. Kumbukumbu zao zilikuwa za maumivu madogo kuliko yale waliyoyaeleza siku yenyewe. Maana yake ni kwamba hakuna wakati ambapo kumbukumbu ya mashindano ni hakimu mwadilifu. Usiku ule ule utamu wa mwisho bado uko mdomoni, na miezi mitatu baadaye uchungu umeshafifia. Na katikati ya nyakati hizo mbili ndipo mlango wa kujiandikisha hufunguliwa. Anayefuzu kwenda kwenye mashindano ya dunia ya Ironman, jina la mbio zile zilizozaliwa Oahu, kule Kona, Hawaii, hutakiwa kuwepo mwenyewe kwenye hafla ya kugawa nafasi, akubali na alipe papo hapo, la sivyo nafasi inakwenda kwa anayemfuata. Kule Roth, mji mdogo wa Ujerumani wenye mashindano yanayopendwa kuliko mengi duniani, nafasi za mtandaoni zimewahi kuisha ndani ya dakika chache. Sisemi kwamba waandaaji wana nia mbaya. Nasema uamuzi wa mwaka mzima unaombwa katika dakika ambazo mtu hana uwezo mzuri wa kuutoa.

Mashindano yenyewe ni sehemu ndogo sana ya kile mtu anachojiandikishia. Chukua mwanamichezo wa kawaida, mwenye kazi na familia, anayefanya mazoezi saa 12 kwa wiki kwa wiki 24. Hizo ni saa 288, sawa na siku 12 kamili, mchana na usiku bila kulala. Akimaliza mashindano kwa saa 14, siku hiyo haifiki hata moja ya ishirini ya muda wote alioutoa. Kumwuliza kama alifurahia siku ya mashindano ni kama kumwuliza mkulima kama alifurahia siku ya mavuno, ukaacha kumwuliza habari za kupalilia.

Kupalilia kwenyewe kuko hivi. Jumamosi saa 10 alfajiri kengele ya simu inalia. Anatoka kitandani kimyakimya asiamshe watoto, anakunywa chai na kula viazi vitamu vya jana, anajaza chupa mbili za maji yenye chumvi na sukari, anabonyeza taa nyekundu ya nyuma ya kiti cha baiskeli kuona kama inawaka. Anawahi kabla ya malori na mabasi, kwa sababu barabara zetu kuu nyingi hazina njia ya baiskeli, na dereva anayelipita lori jingine hamtegemei mtu wa baiskeli pembeni saa 11. Saa tano baadaye anarudi, anaacha baiskeli mlangoni, anabadili viatu na kutoka tena mbio kwa dakika 40 ili miguu ijifunze kukimbia ikiwa imechoka. Akimaliza ni mchana. Mwili uko nyumbani, lakini yeye mwenyewe yuko kwenye kochi amelala, na atakayeamka jioni ni mtu mwenye njaa na maneno machache. Wa Nairobi atamalizia wiki katika bwawa la mita 25, ambamo umbali wa mashindano ni kuvuka urefu wake mara 152. Wa Mombasa ataisoma bahari kwanza, maana wakati wa bamvua tofauti ya maji kujaa na kupwa hukaribia mita 4, na aliyepanga kuogelea saa isiyofaa hukuta mchanga na mwani.

Kalenda nayo ina masharti yake. Kwa mtu wa Afrika Mashariki, mashindano ya Ironman ya Gqeberha, Afrika Kusini, ni miongoni mwa machaguo ya karibu kwa umbali kamili, na kwa kawaida hufanyika Machi au Aprili. Wiki ndefu za mazoezi basi huangukia joto la kaskazi, sikukuu za Desemba na ufunguzi wa shule wa Januari wenye ada zake. Mwaka 2026 na 2027 Ramadhani inaangukia Februari na Machi, kwa hiyo Mwislamu anayejiandaa kwa Aprili atakuta kilele cha mazoezi kimekaa juu ya mwezi wa kufunga. Hayo yote yanajulikana mapema na yanaweza kuandikwa kwenye karatasi leo. Ila hayamo katika picha ya mstari wa mwisho.

Ndiyo maana natetea mashahidi wawili wengine. Wa kwanza ni daftari la mazoezi: maneno aliyoandika mtu mwenyewe katika wiki ya kumi na nne, wakati goti linauma na mwisho bado haujaonekana. Maneno hayo hayakupakwa asali ya medali. Wa pili ni mtu wa nyumbani. Yeye hakuvuka mstari wowote, kwa hiyo akili yake haijafunikwa na mwisho mtamu. Anakumbuka Jumamosi 24, harusi aliyokwenda peke yake, na nauli ya ndege na ya sanduku la baiskeli vilivyotoka kwenye akiba ya pamoja. Mara nyingi huombwa ruhusa baada ya ada kulipwa. Huko ni kumtaka ushahidi baada ya hukumu.

Kuna wanaopinga, na hoja zao zina uzito. Wa kwanza husema furaha ya kumbukumbu ni furaha halisi. Tunaishi miaka mingi na kumbukumbu kuliko tulivyoishi na tukio, na kama akili inatusamehe maumivu, tuipokee baraka hiyo, maana bila kusahau hakuna mkulima ambaye angelima msimu wa pili. Nakubali nusu ya hoja. Medali ya kwanza imeshatoa kumbukumbu hiyo, na hakuna atakayeinyang'anya. Swali lililobaki ni kama ya pili itaongeza kitu kinacholingana na saa nyingine 288, na hilo mkulima hulijibu kwa kuhesabu magunia.

Wengine humtaja Mark Allen. Mmarekani huyo alishindwa Hawaii mara sita kabla ya kushinda mwaka 1989, alipompita mpinzani wake Dave Scott kwa sekunde 58 tu baada ya zaidi ya saa nane za kushindana ubavu kwa ubavu. Angekata tamaa mara ya sita, wanasema, dunia isingemjua. Kweli. Lakini Allen alikuwa mchezaji wa kulipwa, na miezi ya mazoezi ndiyo iliyokuwa kazi yake ya kila siku. Tena kuna sehemu ya habari yake isiyotajwa sana: baada ya kushinda miaka mitano mfululizo, mwaka 1994 hakushindana Hawaii. Alipumzika, akarudi 1995 akiwa na umri wa miaka 37, akashinda mara ya sita na ya mwisho.

Habari hiyo inagusa hoja ya tatu, ile hofu kwamba ukiruka mwaka mmoja unapoteza kila kitu. Utafiti wa Edward Coyle na wenzake wa mwaka 1984 uliwafuatilia wanamichezo wa stamina walioacha mazoezi kabisa kwa siku 84. Uwezo wao wa kutumia oksijeni ulishuka asilimia 7 katika wiki tatu za mwanzo, ukafika asilimia 16 baada ya wiki nane, kisha ukatulia. Hata hapo walikuwa bado juu ya watu ambao hawakuwahi kufanya mazoezi. Na hao waliacha kabisa. Anayeruka mwaka wa mashindano hakatazwi kukimbia kwa muda wa saa moja asubuhi mara tatu kwa wiki, wala kushiriki triathloni ya umbali wa Olimpiki, kilomita 1.5, 40 na 10, inayoweza kuandaliwa bila kumeza kila Jumamosi. Rubavu, Rwanda, kwenye fukwe za Ziwa Kivu, tangu Agosti 2022 kumefanyika Ironman ya nusu umbali: kilomita 1.9 za kuogelea, 90 za baiskeli na 21.1 za mbio. Wanaodhani nusu ni aibu hawajaiangalia milima ile.

Jambo moja la afya linahitaji kusemwa waziwazi, hasa kwa wanaume waliovuka miaka 40. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2017 ulikusanya matukio 135 ya vifo na moyo kusimama katika triathloni za nchi hiyo kati ya 1985 na 2016, na 90 kati ya hayo yalitokea wakati wa kuogelea. Kwa jumla hatari ilikuwa ndogo, chini ya watu wawili kwa kila washiriki 100,000. Kwa wanaume wa miaka 60 na zaidi ilipanda hadi 18.6. Aliyemaliza salama miaka kumi iliyopita alimaliza na moyo wa miaka ile, kwa hiyo safari ya daktari itangulie safari ya benki.

Kwangu, anayestahili kurudi ni yule ambaye angeyapenda mazoezi hata mashindano yakifutwa wiki moja kabla, na ambaye nyumba yake inaweza kuibeba miezi hiyo bila mtu kuumia kimya. Huyo arudi bila kujitetea kwa yeyote. Wewe unayesoma haya huku ukurasa wa kujiandikisha uko wazi, ufunge kwa wiki moja. Chukua kalenda ya mwaka ujao uiweke mezani baada ya chakula cha jioni, umpe mwenzako kalamu, na umwache aandike tarehe zake kwanza.