Spoila na springi zilizokatwa: gari linashikaje barabara?

Bawa la plastiki lenye upana wa mita 1.4 na kina cha sentimita 25, likifungwa juu ya buti la Altezza na kuelekezwa vizuri kwenye upepo, linaligandamiza gari kwa kilo 4 hivi likiwa kwenye spidi 50. Mfuko wa sembe wa kilo 5 ukiutupa ndani ya buti unafanya kazi kubwa zaidi. Na 50 ndiyo spidi halali kwenye maeneo ya makazi Tanzania, ndiyo hiyo tochi ya trafiki inayoisubiri kwenye Barabara ya Morogoro.

Si kwamba bawa ni uongo. Nguvu ya hewa hupanda kwa mraba wa spidi: ukiongeza spidi mara mbili, nguvu inakuwa mara nne. Bawa hilohilo kwenye spidi 100 linatoa kilo 16, na kwenye 200 linapita 60. Watu wa mbio za magari walilijua hilo zamani. Mwaka 1966 Mmarekani Jim Hall alitoka na Chaparral 2E, gari lenye bawa lililosimama juu kabisa kwenye nguzo mbili. Nguzo hizo hakuzifunga kwenye bodi. Alizifunga kwenye vibebeo vya magurudumu ya nyuma, ili mgandamizo ufike kwenye tairi moja kwa moja bila kubonyeza springi. Mwaka 1969, kwenye mashindano ya Formula One mjini Barcelona, mabawa ya Graham Hill na Jochen Rindt yalivunjika wakapata ajali, na mwezi huohuo mabawa marefu ya aina ile yakapigwa marufuku. Hao walikuwa na wahandisi. La kwetu linafungwa kwa skrubu nne kwenye bati la buti.

Kichekesho zaidi ni bawa juu ya IST. IST nyingi zinavutwa na magurudumu ya mbele, hayohayo yanayokata kona. Bawa lililokaa nyuma ya ekseli ya nyuma linabonyeza nyuma na kuipunguzia mbele uzito kidogo. Kama ni pambo, sina ugomvi nalo.

Kwenye gereji za Ubungo, hata hivyo, kazi inayokula hela nyingi zaidi iko chini ya gari. Vijana wanataka gari lishuke, wazee wa familia wanataka linyanyuliwe lisigonge matuta. Wote wawili wanagusa jambo moja: kimo cha kitovu cha uzito.

Gari linapokata kona, uzito unahama kutoka magurudumu ya ndani kwenda ya nje. Hapo ndipo shida inapoanzia, maana tairi lililobebeshwa mzigo mara mbili halishiki lami mara mbili. Linashika pungufu ya hapo. Chukua gari la kilo 1,400, kitovu chake cha uzito kiko sentimita 50 kutoka ardhini, na umbali kati ya tairi la kushoto na la kulia ni mita 1.5. Kwenye kona kali, ambako nguvu ya pembeni inafika asilimia 60 ya uzito wa gari, kilo 280 zinahamia nje. Lishushe kwa sentimita 3: zinahama kilo 263 hivi. Umeokoa kilo 17. Linyanyue kwa sentimita 5 kwa spesa, zinakuwa 308. Faida ya kushusha ipo, ila ni ndogo kuliko inavyosifiwa, na inapotea yote ikiwa umeshusha kwa kukata springi.

Springi ikiwa na mizunguko 8 inayofanya kazi, ukakata 2, ugumu wake unapanda kwa theluthi nzima. Shokapu ilitengenezwa kwa springi ya zamani, kwa hiyo sasa haiwezi kuituliza. Springi iliyokatwa kwa moto wa gesi imeunguzwa chuma chake mahali pale ilipokatwa, na ncha yake haikai sawasawa kwenye kikombe. Mbaya zaidi, nafasi ya kupanda na kushuka imekwisha: ukikanyaga shimo katikati ya kona, shokapu inagonga mpira wa kizuizi, gurudumu linakuwa kama limefungwa kwa bolti kwenye bodi, na tairi linaruka badala ya kushika. Dereva anasema gari "limekuwa gumu kama la mashindano". Limekuwa gumu, basi.

Mgongo nao una hesabu yake. Springi za gari la kawaida zinaliachia bodi lipande na kushuka kama mara 1 hadi 1.5 kwa sekunde, mwendo ambao mwili unauvumilia. Magari ya mashindano hufika mara 3 na zaidi. Mwili wa mtu aliyekaa unaumizwa zaidi na mtikisiko wa wima wa mara 4 hadi 8 kwa sekunde, kwa sababu hapo uti wa mgongo na viungo vya tumboni vinaanza kutikisika kwa pamoja na kiti. Kadiri unavyokaza springi ndivyo unavyosogelea eneo hilo. Kukaa kwa muda mrefu kwenye mtikisiko kunahusishwa na maumivu ya kiuno kwa madereva, na anayefanya teksi mtandao kutwa nzima hana sababu ya kujiongezea.

Daraja la Kijazi, hapo hapo Ubungo, lililofunguliwa Februari 2021, lina lami ya kumtamanisha mtu yeyote. Lakini gari haliishi darajani. Linalala Makuburi au Saranga, na kufika huko kuna makorongo. Waliowahi kushinda kwenye barabara za aina hiyo hawakushusha magari. Bert Shankland, Mskotishi aliyekuwa akiishi Tanzania, alichukua Safari Rally mwaka 1966 na tena 1967 akiwa na Peugeot 404, gari la familia ambalo sifa yake ilikuwa springi laini zenye nafasi ndefu ya kupanda na kushuka. Gurudumu lilifuata shimo, tairi likabaki ardhini.

Kwa hiyo kama una hela ya kulifanya gari likae barabarani, anza na bushi. Mwambie fundi alipandishe, atingishe magurudumu, aangalie bushi za mikono, boljointi na taroadi. Bushi iliyokufa inaliacha gurudumu ligeuke bila wewe kugusa usukani, na hakuna springi ya bei yoyote itakayoziba hilo. Shokapu unaweza kuzikagua mwenyewe: bonyeza kona ya gari kwa nguvu, achia. Likipanda na kutulia, nzima; likiendelea kudunda, au ukiona oili imetambaa kwenye silinda, imekufa. Ukibadilisha badilisha jozi, kisha nenda alaimenti, la sivyo tairi zitaliwa upande wa ndani. Ukitaka kushusha kweli, nunua springi zilizotengenezwa kwa gari lako pamoja na shokapu zake, na taa za mbele zirekebishwe, maana kimo kikibadilika mwanga unaweza kuwapiga wenzako machoni.

Kwenye tairi za mtumba, soma ubavuni tarakimu nne za tarehe ya kutengenezwa. 2316 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2016. Kashata nzuri bila umri mzuri ni bure, kwa kuwa mpira uliokaa juani miaka umekauka. Na upepo jaza kwa kipimo cha kibandiko kilichopo kwenye mlango au nguzo ya mlango wa dereva. Pima asubuhi kabla hujatoka. Tairi likishatembea hewa inapata joto, na kipimo kinapanda bila wewe kuongeza kitu.