Usonara Sikonge: aanzaye aanze na shaba

Kijana wa Sikonge, mkoani Tabora, anayetaka kujifunza kazi ya chuma hana haja ya kwenda mbali. Karakana za kuchomelea hazikosi kazi: mageti, madirisha, mikokoteni, mabomba ya bati ya kupitisha moto katika mabani ya tumbaku. Lakini pete, hereni na bangili zinazovaliwa harusini baada ya mauzo ya tumbaku huja kutoka viwanda vya mbali, na fedha ya mkulima huzifuata hukohuko.

Zamani biashara hii ilikwenda kinyume. Misafara iliyopanda kutoka Bagamoyo ilileta vitambaa, shanga na waya wa shaba. Richard Burton, aliyefika Kazeh, Tabora ya leo, mwaka 1857, aliandika habari za vitindi, yaani waya mnene uliozungushwa mkononi, na masambo ya miguuni, ambayo ni waya mwembamba uliosokotwa juu ya singa za mkia wa mnyama. Waya uliingia Unyamwezi, yaani eneo hili la Tabora, ukiwa mali ghafi, ukageuzwa pambo na fundi wa hapohapo. Hata dhahabu ilifanyiwa kazi huku: mwaka 1916, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, Wajerumani walifua sarafu za dhahabu za rupia 15 zenye picha ya tembo katika karakana ya reli huko Tabora.

Kwa anayeanza leo, dhahabu na isubiri, maana kosa lake ni hasara. Waya wa shaba ukipinda vibaya hunyooshwa, kazi ikaanza upya. Zana za kuanzia ni nyundo, koleo, tupa, msasa, kipande cha reli cha kutumia kama fuawe, na jiko la mkaa.

Somo la kwanza humshangaza aliyezoea kuona majembe na visu. Chuma cha kisu kikitolewa motoni na kutumbukizwa majini, huwa kigumu. Shaba nyekundu ukiifanyia hivyo hulainika. Kinachoifanya kuwa ngumu ni nyundo: ukigonga mfululizo bila kuirudisha motoni, hupasuka. Fundi mzuri husikia mlio ukibadilika, akasimama kabla ufa haujatokea.

Mali ghafi ndiyo mtego. Waya mwingi hupatikana kwa wauza vyuma chakavu, na baadhi huenda umekatwa kwenye nguzo za umeme. Asiyejua ulikotoka asiununue. Makufuli ya shaba ya njano nayo yakiyeyushwa hutoa moshi wa zinki unaoleta homa, hivyo yasiyeyushwe ndani ya chumba.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inaruhusu mtoto wa miaka 14 kufanya kazi nyepesi isiyodhuru afya wala masomo. Kazi za hatari ni mwiko hadi afike 18. Kwa hiyo kukunja, kugonga na kupiga tupa ni kwa kijana. Asidi ya kusafishia na gesi ya kuchomelea ni kwa mtu mzima. Akipevuka, kuna VETA kwa ufundi, SIDO kwa ushauri wa biashara, na Kituo cha Jemolojia Arusha kwa ukataji wa vito.

Soko je? Bangili ya kiwandani haishindiki kwa bei, na kijana asijaribu. Aanze na matengenezo. Mwenye mkufu uliokatika kiungo kimoja tu, akiupeleka Tabora mjini, hulipa nauli ya kwenda na kurudi na kupoteza siku nzima. Fundi wa Sikonge ashindane na nauli hiyo.