Ubaruku: mpunga haulali, lakini soko bado linanusa

Kwenye mashine za kukoboa za Ubaruku, wilayani Mbarali, mnunuzi huchota konzi ya mchele, akapuliza pumba, akanusa. Bei hutajwa baadaye.

Hapo ndipo SARO 5 inapobanwa. Mbegu hii, iliyoidhinishwa mwaka 2002, ina shina fupi na harufu kiasi. Hubeba suke zito lililoshiba urea bila kulala. Mbegu ya Supa ni ndefu, inanukia, na upepo ukija hulala jarubani.

Ufupi wa aina nyingi za mpunga wa kisasa, tangu IR8 ilipotoka Ufilipino mwaka 1966, unatokana na jeni ya sd1. Ikiwa na hitilafu, mmea hutengeneza jiberelini kidogo, na hiyo ndiyo homoni inayorefusha shina.

Ofisa mmoja wa kilimo anasema SARO 5 hufikisha tani 6 kwa hekta, yaani kama gunia 24 za kilo 100 kwa eka. Hasemi ni shamba la nani. Aliye mwisho wa mfereji, anayesubiri maji wenzake wakishapanda, hana hesabu hiyo.

Mfanyabiashara anayepeleka mzigo Dar es Salaam ana lake. Anasema hana ugomvi na mbegu, ugomvi wake ni mchanganyo. Ananunua gunia kwa bei ya Supa, juu inanukia. Likifunguliwa mjini, katikati ni SARO. Ushuru kalipa, wapakiaji kawalipa, dalali kachukua chake, halafu mteja aliyepika wali usionukia anampigia simu yeye, si mkulima. Anataka kila aina ikobolewe peke yake. Alipoulizwa kama yeye hachanganyi, alicheka, akasema kidogo tu, msimu ukiwa mbaya.

Kwa kuwa harufu inatawaliwa na jeni nyingine, si sd1, ufupi na harufu vinaweza kukaa katika mbegu moja. Huenda mbegu ya namna hiyo ikainua kipato cha Mbarali. Ila mkulima anayepanda mbegu aliyojiwekea, iliyokwisha kuchanganyika ghalani, ataendelea kuvuna mchanganyo, na mnunuzi ataendelea kunusa.