Kiwanda Kikizima, Timu Huenda Wapi?

Mwaka 1965 ubingwa wa kandanda wa Kenya uliletwa Mombasa na vijana wa Feisal. Wazee wetu wangali wakilitaja jina hilo. Tukiwauliza watoto wetu, ni wangapi watakaolijua? Timu haifi kwa siku moja. Hufifia kidogo kidogo, na mara nyingi maradhi yake hayako uwanjani. Ili tuyafahamu maradhi hayo, juma hili tumeelekeza macho yetu mbali na mwambao, hadi nchi ya miwa iliyo karibu na Kisumu, kwenye ziwa Victoria.

Reli kutoka Mombasa ilifika Kisumu mwezi wa Desemba 1901, na uwanda wa Nyando, mashariki ya mji huo, ukageuka polepole kuwa mashamba ya miwa. Kiwanda cha kwanza kilianzishwa mwaka 1922 mahali paitwapo Miwani, jina ambalo Mswahili hahitaji kufasiriwa. Baada ya uhuru vikafuata Muhoroni, kisha Chemelil, kilichoanza kusaga miwa mwaka 1968. Baadaye ikaundwa kampuni ya South Nyanza, ijulikanayo kwa kifupi kama SoNy, huko Awendo, kusini zaidi.

Pembeni mwa kila kiwanda palizuka makazi: nyumba za wafanyakazi, zahanati, shule, soko, na uwanja wa mpira. Uwanjani hapo ndipo zilipolelewa Chemelil Sugar na SoNy Sugar. Desturi ya timu za viwanda ilikuwa nyepesi kuielewa. Kijana mwenye kipawa aliandikwa kazi, akapata mshahara na pa kulala, na jioni akaenda mazoezini. Mzazi aliyekuwa na shaka na mpira aliridhika, kwani mwanawe alikuwa na ajira hata siku mguu ukiumia.

Mwaka 2006 SoNy Sugar ilitwaa ubingwa wa Ligi Kuu ya Kenya. Awendo si jiji. Ni mji mdogo uliozungukwa na mashamba. Hata hivyo mwaka huo Gor Mahia, AFC Leopards na Tusker, timu zenye majina makubwa na mashabiki wa nchi nzima, zote zilibaki nyuma yake.

Lakini timu hizo zilinyonya ziwa moja tu. Miwa huchukua takribani mwaka mmoja na nusu kukomaa. Mkulima hulima, hupalilia na hungoja, na ada ya shule hungoja pamoja naye. Mitambo ilipochakaa, madeni yakarundikana na sukari ya bei nafuu ikaingia kutoka nje, malipo yakaanza kuchelewa. Miwani kilikuwa kimekwisha kufungwa tangu mwanzo wa karne hii. Kufikia mwaka 2019 wafanyakazi wa Chemelil walikuwa wamekaa miezi mingi bila mishahara. Kiwanda kisichoweza kumlipa mama aliyekata miwa kitapata wapi nauli ya mchezaji?

Novemba 2019 SoNy Sugar, bingwa wa zamani, iliondolewa katika Ligi Kuu kwa kushindwa kufika uwanjani katika mechi tatu. Haikufungwa mabao, haikutokea. Miezi michache baadaye msimu ulikatizwa na janga la korona, na Chemelil Sugar, iliyokuwa mkiani, ikashushwa daraja.

Mwaka huohuo ligi nzima ilipata pigo jingine. Mfadhili wake alikuwa SportPesa, kampuni ya kamari, ambayo ilijiondoa Agosti 2019 baada ya leseni yake kutohuishwa na Serikali. Sisi Waislamu hukumu ya kamari twaijua. Tuiweke hukumu hiyo mbele yetu, kisha tuyatazame matokeo: kwa miaka kadhaa jina la kamari lilivaliwa vifuani na vijana waliopendwa na watoto wetu, na siku fedha zake zilipokatika, mpira uliachwa na njaa, na watoto wakaachwa na mazoea.

Gor Mahia nayo ilimpoteza mfadhili huyohuyo mwaka huohuo, ikapita katika dhiki kubwa. Lakini ilimaliza msimu huo ikiwa bingwa. Timu hiyo iliundwa mwaka 1968 kwa kuunganishwa timu za jamii ya Wajaluo, na mashabiki wake wanaihesabu kuwa mali yao. Wenyeji wa Chemelil na Awendo waliipenda timu yao, ila timu ilikuwa mali ya kiwanda. Mtegemea cha nduguye hufa maskini.

Mei 2025 Serikali ilivikodisha viwanda vya Chemelil, SoNy, Muhoroni na Nzoia kwa wawekezaji binafsi kwa muda wa miaka 30. Yamesemwa mengi kuhusu madeni ya wakulima na mishahara ya wafanyakazi, na hayo ndiyo yatangulie. Lakini mtoto wa Awendo aliye na umri wa miaka kumi hawezi kungoja miaka 30 apate pa kuchezea.

Nasi hapa mwambaoni tunazo timu za mitaa, zinazochezwa na wana wetu kila jioni baada ya alasiri. Tunaonelea kila familia iulize mambo matatu. Hati ya uwanja iko kwa nani? Daftari la michango linaandikwa na nani, na sisi kina mama, tunaofua jezi na kupika siku za mechi, tunaruhusiwa kulisoma? Na fedha za jezi zimetoka wapi? Mchango wa shilingi chache kutoka kila nyumba hauwezi kuleta ubingwa wa Kenya. Lakini mzigo wa wengi ni kanda la usufi, na timu inayobebwa hivyo hainyang'anywi mpira siku mlango mmoja ukifungwa.